Kamera ya Usiku kwa Mtu wa Dilolo: Ichague kwa Mwanga, si kwa Megapikseli

Kamera karibu zote zinazouzwa Kolwezi na Lubumbashi huonyeshwa mchana, ndani ya duka, chini ya taa kali. Hapo hakuna kamera mbaya. Uso wa muuzaji unaonekana hadi jasho la kipaji, rangi zinang'aa, nawe unalipa. Unasafiri nayo hadi Dilolo, unaifunga juu ya mlango wa depo. Usiku ukiingia, mwezi hakuna, umeme wa mtaani umekatika, na unachokiona kwenye simu ni umbo jeupe linalopita bila macho wala pua. Siku mzigo ukiibwa, polisi atakuuliza swali moja tu: huyu ni nani? Video utakuwa nayo, jibu hutakuwa nalo.

Mwongozo huu ni kwa mwenye depo, duka, duka la dawa, lupango au ua wa kulaza malori anayetaka kuwa na jibu. Dilolo ni mji wa mpakani. Ng'ambo ni Luau ya Angola, reli inayotoka bandari ya Lobito inaingia hapa, na kutoka hapa hadi Kolwezi kuna zaidi ya kilomita 400 za reli, pamoja na barabara ya kitaifa namba 39. Mzigo unaofika jioni hulala hapa. Giza nalo huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, mwaka mzima, likakaa karibu saa kumi na mbili. Kamera nzuri ya mchana tu inakufanyia kazi nusu ya muda, na nusu hiyo ndiyo ambayo wewe mwenyewe uko macho.

Kinachotokea ndani ya kamera giza likiingia

Picha inatengenezwa na mwanga. Mwanga ukipungua, kamera ina njia tatu za kujiokoa, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza, inaacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi ili mwanga mwingi uingie. Mtu anayetembea kawaida huenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Shata ikiwa wazi kwa 1/25 ya sekunde, mtu huyo amesogea karibu sentimita 6 kabla picha moja haijafungwa. Ikiwa wazi kwa 1/3 ya sekunde, amesogea karibu nusu mita. Uso wote umeshavutwa ukawa mstari.

Ya pili, inakuza kwa umeme mwanga mdogo iliopata. Inapokuza mwanga inakuza na chenga, zile nukta zinazochemka kwenye picha kama televisheni isiyo na stesheni.

Ya tatu, inalainisha picha ili kuficha chenga. Tatizo ni kwamba programu ya kulainisha haijui tofauti ya chenga na kovu, ndevu au mstari wa mdomo. Vyote inavipangusa, na uso unabaki laini kama nta.

Sasa angalia mtego uliopo. Ua mtupu ukipigwa picha kwa njia hizi tatu unapendeza sana: unang'aa kana kwamba ni alasiri, ukuta umetulia, mti umetulia. Picha za matangazo ni za namna hiyo. Usikubali kamwe kuonyeshwa picha ya usiku isiyo na mtu anayetembea ndani yake.

Andika kwanza unachotaka kuona

Kabla hujataja aina ya kamera, chukua karatasi, chora lupango lako, kisha weka alama kwenye mahali ambapo kila anayeingia ni lazima apite: geti, mlango wa depo, kona ya choo penye ukuta mfupi. Kwa kila alama jiulize: hapa nataka kujua *kuna mtu*, au nataka kujua *ni nani*? Ni kazi mbili tofauti, na kamera moja haizifanyi zote mbili vizuri usiku.

Mafundi hupima kazi hiyo kwa pikseli kwa mita, yaani mita moja ya upana wa eneo inapata nukta ngapi za picha. Kiwango cha Ulaya cha EN 62676-4, toleo la 2015, ambacho watengenezaji wengi wanakifuata, kinasema hivi:

— Pikseli 25 kwa mita: unajua kuna mtu.
— Pikseli 62 hivi: unaona mavazi na anachofanya.
— Pikseli 125: unamtambua mtu unayemfahamu.
— Pikseli 250: unaweza kumthibitisha mtu usiyemjua.

> KISANDUKU: Kamera ya megapikseli 4 inafika wapi?
> Picha yake ina upana wa pikseli 2560. Kwa pikseli 250 kwa mita, inaweza kufunika upana wa mita 10 tu. Umbali wenyewe unategemea lenzi, na ni wa makadirio:
> Lenzi ya mm 2.8: uso unathibitika hadi mita 4 hivi.
> Lenzi ya mm 4: mita 5 au 6.
> Lenzi ya mm 6: mita 10.
> Lenzi ya mm 12: mita 20 na kidogo.
> Hesabu hii ni ya mchana. Usiku, kwa sababu ya chenga na mtikisiko, mimi hupunguza theluthi nzima.

Soma tena mstari wa lenzi ya mm 2.8, kwa sababu hiyo ndiyo lenzi iliyomo ndani ya kamera nyingi za bei nafuu, na ndiyo inayopendwa kwa kuwa inaonyesha ua wote. Inaonyesha ua wote, lakini mtu akiwa mita 5 tayari uso wake unaanza kupotea. Kamera ya namna hiyo ikifungwa kwenye kona ya nyumba, ikitazama geti lililo mita 15, itakuambia kuna mtu getini. Mbwa naye angekuambia.

Ukiwa na fedha za kamera mbili, nunua moja pana ya kuangalia ua na moja nyembamba, mm 6 au zaidi, kwa ajili ya geti peke yake. Ukiwa na fedha za moja tu, achana na ua. Linda mahali pa kupita.

Kusoma karatasi ya kamera

Muuzaji atakutajia megapikseli. Wewe uliza mambo manne mengine.

*Ukubwa wa kihisi.* Hicho ni kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Huandikwa kwa sehemu ya inchi: 1/3, 1/2.8, 1/1.8, 1/1.2. Namba ya chini ikiwa ndogo, kihisi ni kikubwa. Cha 1/1.8 kina eneo zaidi ya mara mbili ya cha 1/2.8.

Hapa ndipo megapikseli zinapowapoteza watu. Mvua inayotoka kwenye paa moja ukiikinga kwa mabeseni mawili, kila beseni litajaa vizuri. Ukiikinga kwa mabeseni manane, maji ni yaleyale na kila beseni limepata kidogo. Kihisi cha 1/2.8 chenye megapikseli 2 kina pikseli za upana wa mikroni 2.9. Kihisi kilekile kikigawanywa kwa megapikseli 8, kila pikseli inabaki na mikroni 1.45, yaani inapokea robo ya mwanga. Mchana hutaona ubaya. Usiku kamera ya megapikseli 8 ya namna hiyo itashindwa na ya megapikseli 2 ya bei ya chini. Kwa hiyo shika jozi hizi:

— Megapikseli 2 na kihisi cha 1/2.8: sawa.
— Megapikseli 4 na kihisi cha 1/1.8: nzuri sana, na ndiyo ninayoipendekeza kwa geti.
— Megapikseli 8 na kihisi cha 1/1.2: nzuri, lakini ghali.
— Megapikseli 8 na kihisi cha 1/2.8 au kidogo kuliko hicho: iache dukani, kama kazi yako ni ya usiku.

Ikiwa boksi halisemi ukubwa wa kihisi, na muuzaji haujui, tafuta namba ya modeli kwenye ukurasa wa mtengenezaji kabla ya kulipa. Hikvision na Dahua, ambazo zimejaa sokoni, huweka karatasi za modeli zao wazi. Kamera isiyo na namba ya modeli inayoweza kutafutwa usiinunue.

*Tundu la lenzi.* Huandikwa F na namba: F1.0, F1.6, F2.0. Hapa pia namba ndogo ni tundu kubwa. Lenzi ya F1.0 inaingiza mwanga mara 4 kuliko ya F2.0, na zaidi ya mara mbili na nusu kuliko ya F1.6. Kati ya kamera mbili zenye kihisi sawa, chukua yenye F ndogo.

*Urefu wa lenzi*, ule wa milimita. Tumeshausema. Ukiweza kupata lenzi ya kurekebisha, mm 2.8 hadi 12, gharama yake inalipa, kwa sababu unaifunga kwanza ndipo unaamua.

*Aina ya taa yake.* Hii inahitaji nafasi yake.

Kuhusu lux, yaani kipimo cha mwanga, ile namba ya «0.001 lux» inayoandikwa kwa herufi kubwa, usihangaike nayo. Mbalamwezi kamili huleta karibu 0.1 hadi 0.3 lux, na mtengenezaji anayedai kuona kwenye 0.001 anaweza kuwa ameacha shata wazi kwa sehemu kubwa ya sekunde mbele ya ukuta usiosogea. Namba hiyo kila mtu huipima kwa namna yake. Halikadhalika maneno «infraredi mita 30»: maana yake ni kwamba kitu kilicho mita 30 kitapata mwanga kidogo. Si ahadi ya uso.

Mwanga utoke wapi?

Una njia tatu, na mara nyingi iliyo bora ndiyo inayosahauliwa.

Njia ya kwanza ni infraredi. Kamera inawasha taa ndogo ambazo jicho letu karibu halizioni, picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Nyingi hutumia urefu wa mawimbi wa nanomita 850. Ukizitazama usoni utaona wekundu hafifu. Zile za nanomita 940 hazionekani kabisa, ila hufika karibu nusu ya umbali tu, kwa hiyo usizichague isipokuwa una sababu ya kuificha kamera. Uzuri wa infraredi ni kwamba haimwamshi jirani na haivuti wadudu wengi kama taa nyeupe. Tena ina faida moja kwetu ambayo matangazo hayaitaji: katika nanomita 850 rangi ya ngozi karibu haina uzito, uso mweusi na uso mweupe hurudisha mwanga kwa viwango vinavyokaribiana. Kwenye kamera ya rangi yenye mwanga hafifu si hivyo. Uso mweusi hurudisha mwanga mdogo, na ukiwa na ukuta mweupe nyuma yake kamera hupima ukuta ikaacha uso uwe kiza kitupu. Picha nyingi za majaribio utakazoonyeshwa hazikupigwa kwa nyuso kama zetu. Jaribu kwa uso wako.

Ubaya wa infraredi ni rangi za nguo. Koti jeusi la nailoni linaweza kuonekana la kijivu au jeupe kabisa, suruali ya bluu ikawa nyeupe. Usimwambie polisi «alivaa jeupe» kwa kutegemea picha ya infraredi. Mtu asiye na hatia anaweza kulala ndani kwa sababu ya shati lake.

Njia ya pili ni kamera ya rangi usiku, zile ambazo Hikvision huziita ColorVu na kampuni nyingine zina majina yao. Zina tundu kubwa la lenzi na taa nyeupe ndogo ya kwao. Rangi utazipata, na taa yenyewe humshtua mwizi. Lakini msimu wa mvua, kumbikumbi wakitoka, taa nyeupe iliyo sentimita tano kutoka kwenye lenzi ni karamu. Picha nzima inakuwa mabawa, na simu inalia usiku kucha kukuarifu kuna mtu.

Njia ya tatu ni taa yako mwenyewe, mbali na kamera. Balbu ya LED ya wati 10 juu ya geti, ikimulika uso wa anayeingia, itafanya kamera ya kawaida ishinde kamera ghali iliyo gizani. Iweke mita mbili au tatu pembeni ya kamera, si juu yake: wadudu watacheza kwenye taa, si kwenye lenzi. Kama hutaki mwanga mweupe, kuna taa za infraredi zinazouzwa peke yake, unazifunga vilevile pembeni. Ushauri wangu kwa mtu mwenye fedha kidogo ni huu: toa robo ya bajeti ya kamera uiweke kwenye taa na betri yake. Hakuna kitu kingine utakachokinunua kitakachobadilisha picha kiasi hicho.

Jaribio la dukani

Usione haya kuomba. Muuzaji anayejiamini atakubali.

1. Nenda na rafiki aliyevaa nguo nyeusi. Sema: «Papa, hii kamera ni ya usiku. Naomba tuijaribu gizani kabla sijalipa.»
2. Waombe waiunganishe na skrini kubwa. Skrini ya simu huficha chenga.
3. Ingieni chumba cha nyuma au stoo, zimeni taa, zibeni dirisha kwa boksi. Utasikia mlio mdogo wa «ta» ndani ya kamera. Ni kichujio cha infraredi kinajiondoa. Usipousikia na picha ikabaki giza, au mkiwasha taa tena rangi zikawa za ajabu za zambarau, huenda kichujio kimekwama.
4. Rafiki atembee kutoka mwisho wa chumba kuelekea kamera, kwa mwendo wa kawaida. Asisimame.
5. Rekodini. Kisha simamisheni video katikati ya mwendo mtazame uso. Picha inayokwenda hudanganya jicho. Picha iliyosimama ndiyo utakayompelekea polisi.
6. Washeni tochi ya simu nyuma ya kichwa chake. Je, uso bado upo?
7. Piga picha karatasi yenye namba ya modeli, uhakikishe iliyo kwenye boksi unalobeba ni hiyohiyo. Si mara moja mtu amejaribu hii akapewa ile.

Kufunga: makosa ninayoyaona kila mara

*Kamera juu sana.* Watu huifunga chini ya paa, mita 4 au 5, ili isiibwe. Inarekodi kofia. Kwa uso, mita 2.2 hadi 2.8 inatosha, ilinde kwa kikapu cha nondo, na kamera ya pili iitazame ya kwanza.

*Kamera karibu na bati au ukuta mweupe.* Hili nataka ulione kwa karibu. Kamera imefungwa kwenye kona, sentimita 10 ya ukingo wa bati imeingia kwenye picha upande wa juu. Mchana hata huiangalii. Usiku infraredi inagonga bati, inarudi kwa nguvu kwenye lenzi, kamera inadhani kuna mwanga mwingi, inajipunguza. Ule ukingo wa bati unawaka mweupe kabisa, na ua wote nyuma yake unazama gizani. Fundi anaitwa, anasema kamera imekufa. Haijafa. Isogeze mbele kwa kipande cha chuma, au igeuze hadi bati litoke kwenye picha, giza litafunguka palepale.

*Kamera ya kuba nje.* Ile yenye kioo cha mviringo ina sura nzuri, lakini vumbi la kiangazi likikaa kwenye kioo, infraredi inagonga vumbi na picha yote inakuwa ukungu. Kwetu, penye vumbi jekundu upande wa Kolwezi na mchanga mwepesi upande wa Dilolo, chukua ya umbo la jicho au ya bomba, ambayo taa zake na lenzi vimetenganishwa.

*Kuelekea barabarani.* Taa za malori yanayopita barabara ya 39 zitaipofusha kila mara. Igeuze itazame kwa mshazari. Na kama unataka namba za magari, jua hiyo ni kamera nyingine kabisa: lenzi ndefu, shata ya 1/500 au kasi zaidi, kazi yake namba tu. Kamera ya kawaida huonyesha namba usiku kama taa nyeupe isiyo na maandishi.

*Kuiweka nyuma ya kioo cha dirisha.* Infraredi itarudi usoni mwake. Haifanyi kazi.

Umeme, ambao ndio huua picha kimyakimya

Kolwezi yenyewe, iliyo jirani na mabwawa ya Nzilo na Nseke, hukatiwa umeme. Dilolo wengi tunategemea sola na grupu. Kwa hiyo fanya hesabu kabla.

Kamera nne za wati 6 ni wati 24. Rekoda na diski yake ongeza kama wati 15. Jumla ni kama wati 40. Usiku wa saa 12 unakula wati-saa 480. Siku nzima karibu 960. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1200, lakini usiishushe chini ya nusu kama unataka ikae. Unabaki na 600. Inavusha usiku mmoja, na asubuhi ya mawingu itakukuta pabaya. Paneli ya wati 300 ndiyo ya chini kwa mzigo huo, na msimu wa mvua ongeza nyingine. Betri ya lithiamu unaweza kuitumia hadi karibu yote, kwa hiyo ndogo yake hufanya kazi ya kubwa ya asidi.

Halafu kuna waya. Kamera hula umeme kidogo mchana na zaidi usiku, infraredi ikiwaka. Nusu ampea ikipita kwenye waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 wenye urefu wa mita 50, unapoteza volti 1.7 njiani. Waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao ndio umejaa sokoni kwa bei ya chini, hupoteza zaidi sana.

> ONYO: Kamera inayozimika kila jioni
> Ikiwa kamera inafanya kazi mchana kutwa, kisha saa moja jioni inaanza kujizima na kujiwasha, usinunue kamera mpya. Infraredi inapowaka, volti zinaanguka. Pima volti *kwenye kamera*, usiku, ikiwa inafanya kazi. Chini ya 10.5, badilisha waya uwe mnene, au tumia kamera zinazopokea umeme kwenye kebo ya mtandao: hizo hupelekewa volti 48 hivi, na hasara njiani ni ndogo.

Mvua za ngurumo zikianza, weka kinga ya radi kwenye waya wa umeme na wa mtandao, na nguzo ya chuma iunganishwe na ardhi. Kamera iliyo kwenye nguzo ndefu bila waya wa ardhi inasubiri tu zamu yake.

Mipangilio baada ya kufunga

Fanya haya usiku, si mchana, ukiwa na mtu wa kutembea.

1. Shata: ondoa «otomatiki», weka isiwe polepole kuliko 1/25, getini penye taa jaribu 1/50 hadi 1/100. Kwenye menyu ya Kifaransa tafuta «obturateur». Picha itakuwa na giza zaidi kidogo. Hilo ni sawa, uso utakuwa umesimama.
2. Kukuza mwanga, au «gain»: shusha hadi karibu nusu, kisha panda taratibu hadi chenga zianze kula uso.
3. Kulainisha chenga: iache katikati au chini yake.
4. Infraredi erevu: iwashe, ili mtu akisogea karibu uso wake usiungue kwa weupe.
5. Kiasi cha data, «débit»: usikibane. Chenga za usiku hula data nyingi, na rekoda ikibanwa hugeuza uso kuwa vigae. Kwa megapikseli 4 na mfumo wa kubana video wa H.265, anzia megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde. Kwa megabiti 2, kamera nne hula kama gigabaiti 86 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 inakupa siku 11 hivi.
6. Nywila: badilisha ile ya kiwandani siku hiyohiyo.

Jirani na sheria

Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu, na tangu Machi 2023 nchi ina Kanuni ya Dijitali inayogusa data za watu. Geuza kamera isitazame mlango, dirisha wala bafu la jirani. Rekoda nyingi zina sehemu ya kufunika eneo kwa mraba mweusi. Weka kibao kwenye geti. Mwambie mlinzi na wafanyakazi kamera ziko wapi. Na video ya mtu usiirushe kwenye makundi ya WhatsApp ukimwita mwizi. Ipeleke polisi. Mji mdogo, umati hukusanyika haraka, na picha ya usiku inaweza kukosea.

Orodha ya kukagua

Kila mwezi:
☐ Futa kioo cha lenzi kwa kitambaa laini chenye unyevu. Kiangazi, kila wiki.
☐ Ondoa utando wa buibui. Buibui hupenda joto la taa za infraredi, na uzi mmoja mbele ya lenzi huwaka kama kamba.
☐ Tembea mwenyewe getini saa mbili usiku, kisha simamisha video utazame uso wako.
☐ Tazama kama rekoda bado inarekodi. Diski hufa bila kupiga kelele.
☐ Kata majani na matawi yaliyoingia kwenye picha.

Na saa. Rekoda nyingi hutoka kiwandani zikiwa na saa ya China, ambayo iko mbele ya Lualaba kwa saa sita: tukio la saa tisa usiku litaandikwa saa tatu asubuhi, na wakili wa upande wa pili atafurahi. Weka GMT+2 kwa mkono. Usiifuate simu yako bila kuiangalia, maana Angola iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu inayodaka mtandao wa upande wa Luau inaweza kubadilisha saa yenyewe bila kukuambia.

Tukio likitokea, usizime rekoda wala usiache mtu aichezee. Nakili video kwenye flashi mbili siku hiyohiyo, kuanzia dakika kumi kabla ya tukio hadi dakika kumi baada yake, andika kwenye karatasi tarehe, saa na jina la aliyenakili, flashi moja ipeleke polisi na nyingine ibaki nawe. Usingoje wiki: diski ikijaa, rekoda huanza kufuta za zamani bila kuuliza.